Chainizi imeshafika Tarime na Mugumu, chumvi ya Wachina isiifuate

Na Mwandishi Wetu, Tarime

UKIMWULIZA mkazi wa mji wa Tarime, au wa Mugumu wilayani Serengeti, kama amewahi kula chakula cha Kichina, uwezekano mkubwa ni kwamba atakataa, tena kwa msisitizo, na pengine ataongeza maneno mawili matatu kuhusu nyoka na mbwa. Jibu hilo si sahihi. Katika masoko ya wilaya hizi, pembeni mwa nyanya, vitunguu na dagaa, hupangwa mafungu ya mboga yenye majani mapana na mashina meupe ambayo muuzaji na mnunuzi wote huiita chainizi. Jina lenyewe linaeleza ilikotoka. Wachina waliila mboga hiyo kwa karne nyingi kabla ya mbegu zake kufika Afrika Mashariki, na leo ni kitoweo cha kawaida cha ugali katika nyumba ambazo Mchina hajawahi kukanyaga jikoni mwake.

Wachina wenyewe nao si wageni mkoani Mara. Madaktari kutoka Jimbo la Shandong walianza kuhudumu Tanzania Bara mwaka 1968, na Musoma ilikuwa miongoni mwa vituo walivyopangiwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi chakula chao kilibaki kuwa chao. Wale waliojenga Reli ya TAZARA katika miaka ya 1970 walilima bustani zao za mboga kando ya kambi na kujipikia wenyewe. Kilichobadilika sasa ni kwamba mchuzi wa soya, tambi za pakiti na viungo vya unga vya kuongeza ladha vinanunuliwa na Watanzania wa kawaida, huku televisheni na simu za mkononi zikionyesha mapishi ya mbali kila jioni.

Pamoja na bidhaa hizo zimekuja hoja mbili zinazopingana. Ya kwanza inadai kwamba Wachina ni wembamba na wanaishi muda mrefu, hivyo chakula chao ni dawa. Ya pili inadai kwamba chakula hicho ni sumu tupu, kimejaa kemikali, na kwamba Mwafrika mwenye akili timamu abaki na ugali wake. Hoja zote mbili zinazungumzia kitu ambacho hakipo, kwa sababu hakuna chakula kimoja cha Kichina. Nchi hiyo ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Kaskazini hula ngano, kwa maana ya tambi na mikate inayopikwa kwa mvuke. Kusini hula wali. Sichuan hupenda pilipili. Guangdong hupenda samaki waliopikwa kwa mvuke na kutiwa viungo vichache. Aidha, vyakula vinavyouzwa katika migahawa ya Kichina ya Dar es Salaam, London au New York, vile vya kukaangwa kwenye mafuta mengi na kupakwa mchuzi mtamu, sivyo vinavyoliwa nyumbani kila siku na mkulima wa Henan.

Wanaocheka mapishi ya Wachina huku wakikaa Tarime wana sababu ya pekee ya kunyamaza. Kusini-mashariki mwa Jimbo la Guizhou, jamii za Wadong na Wamiao hupika mchuzi uitwao niubie. Ng'ombe akishachinjwa, majani ambayo hayajamalizika kusagwa tumboni hukamuliwa, maji yake huchujwa, hutiwa nyongo na viungo, kisha huchemshwa na nyama. Wenyewe husema mchuzi huo hutuliza tumbo kwa sababu ng'ombe amekula majani ya kila namna. Msomaji wa Tarime hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa hicho ni kichuri. Wakurya wa pande zote mbili za mpaka wa Sirari wamekuwa wakila kichuri na kukisifia kwa maneno yale yale, bila kumwiga Mchina wala Mchina kuwaiga wao. Wafugaji wawili walio mbali waliona ng'ombe yule yule na wakaamua kwamba hakuna kitu cha kutupa.

Kwa upande wa afya, hukumu ya niubie na kichuri ni moja. Kikichemshwa sawasawa, hakina tofauti kubwa na supu nyingine ya matumbo. Kikiliwa kibichi au nusu kibichi, kinabeba vimelea vyote vilivyokuwa katika utumbo wa mnyama. Homa inayosababishwa na bakteria wa brusela, ambayo hutoa mimba za mifugo na kumsumbua binadamu kwa homa za vipindi na maumivu ya viungo kwa miezi, imethibitika kuwapo katika maeneo ya wafugaji ya kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwamo. Njia zake kubwa ni maziwa yasiyochemshwa na kumshughulikia mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu. Anayejivunia kichuri ajivunie pia sufuria linalotokota.

Sasa tuje kwenye kile ambacho kweli kinafaa kuigwa. Katika jiko la Kichina la nyumbani, mboga ni nyingi na moto ni mkali, lakini muda ni mfupi. Karai huwekwa motoni mpaka lichemke, mafuta kidogo hutiwa, kitunguu saumu na tangawizi hufuata, kisha mboga iliyokatwa hugeuzwageuzwa kwa dakika mbili au tatu na kuepuliwa ingali na rangi yake ya kijani. Katika nyumba nyingi za kwetu chainizi hiyo hiyo hukatwakatwa vipande vidogo sana, huoshwa baada ya kukatwa, huchemshwa hadi ilegee, maji humwagwa, ndipo hukaangwa na nyanya. Vitamini C na folati huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Mama anayemwaga maji ya mboga anamwaga sehemu ya fedha aliyotoa sokoni. Mafuta kidogo, kwa upande mwingine, yanahitajika, kwa sababu mwili hauwezi kufyonza vizuri asili ya vitamini A iliyomo katika majani bila mafuta. Kwa hiyo hapa Mchina yuko sahihi mara mbili, na gharama ya kumwiga ni ndogo mno: osha kabla ya kukata, kata vipande vikubwa, usimwage maji.

Jambo hili si la mzaha. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 97 hawakuwa wakila kiasi cha matunda na mboga kinachoshauriwa kwa siku. Nchi inayolima karibu kila kitu ilikuwa inakula majani kama pambo la ugali.

Lipo pia suala la nyama, ambalo katika mji kama Tarime huzungumzwa kwa uangalifu. Katika mlo wa kawaida wa nyumba ya Kichina nyama hukatwa vipande vyembamba na kuchanganywa na mboga, kiasi kwamba robo kilo inaweza kutosha meza nzima. Kwetu nyama choma ni kitu kinachojitegemea. Hupimwa kwa kilo, huliwa na wanaume, mara nyingi nje ya nyumba, ikisindikizwa na ndizi au ugali na kachumbari ya vijiko viwili. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na nyama za viwandani kama soseji katika kundi la vile vilivyothibitika. Mla nyama wa Sirari anaweza kuisoma taarifa hiyo kama onyo kwake, na ni kweli.

Lakini upande wa pili wa nyama hiyo hiyo hausemwi vya kutosha. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 kati ya kila 100 wenye umri wa kuzaa hapa nchini wana upungufu wa damu, na watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko yale ya mboga, na vipande vichache tu vya nyama katika sahani ya maharage au majani husaidia chuma cha mboga nacho kufyonzwa. Maana yake ni kwamba kilo moja inayoliwa na wanaume watatu barazani ingewafaa zaidi mama mjamzito na watoto wake kama ingekatwa vipande na kuingia katika sufuria la nyumbani. Tungependa wahubiri wa lishe waanzie hapo badala ya kuwaambia watu wasile nyama, ushauri ambao Tarime hausikilizwi.

Kuhusu wali, anayedhani kwamba kuacha ugali na kula wali kila siku ni kula kiafya kama Wachina amepotoka. Tafiti zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2012 zilionyesha kuwa kadiri watu wa China na Japani walivyokula wali mweupe kwa wingi ndivyo uwezekano wao wa kupata kisukari ulivyoongezeka. Ugali wa mtama na ulezi, ambao wazee wa Mara waliula kabla sembe nyeupe haijawa alama ya maendeleo, una nyuzinyuzi zaidi, na ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tunazozila kwa kawaida. Mzee anayedai ulezi wake mezani anajua anachokifanya.

Hatari kubwa kabisa ya chakula cha Kichina ina jina fupi, nayo ni chumvi. Wachina wamekuwa wakila wastani wa karibu gramu 10 za chumvi kwa siku, mara mbili ya kiwango cha gramu 5 kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Chumvi hiyo haitoki katika kichupa cha mezani. Inatoka katika mchuzi wa soya, mboga zilizovundikwa, samaki wa chumvi na chumvi inayomiminwa wakati wa kupika. Kijiko kimoja cha chakula cha mchuzi wa soya kinakaribia nusu ya kiwango cha siku nzima. Pakiti moja ya tambi za papo kwa papo, pamoja na kile kifuko cha viungo, inaweza kufikia nusu au kuzidi. Ni vema ikaeleweka kuwa tambi hizo, ambazo wengi huziita za Kichina, zilibuniwa Japani mwaka 1958 na Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan. Lakini damu haiulizi uraia wa chumvi.

Matokeo yake ni kiharusi, ugonjwa ambao kwa muda mrefu umekuwa miongoni mwa vinavyoongoza kuua watu nchini China. Hapa kwetu, utafiti ule wa mwaka 2012 uliwakuta watu 26 kati ya kila 100 wakiwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya 9 wakiwa na kisukari. Mtu mwenye shinikizo la damu hasikii maumivu. Anaamka asubuhi na upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na katika familia ya kijijini tukio hilo moja huuza ng'ombe wote zizini.

Wachina hawakukaa kimya, na hapa ndipo somo lao lina thamani kuliko mapishi yao. Watafiti walichukua vijiji 600 vya kaskazini mwa nchi hiyo, wenye watu 20,995 waliokwisha kupata kiharusi au wazee wenye shinikizo la damu. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu nyingine vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya takriban miaka mitano, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12 katika vijiji vilivyobadilishiwa chumvi. Hakuna aliyeambiwa aache chakula chake. Tahadhari ni moja tu, kwamba chumvi ya namna hiyo haiwafai wagonjwa wa figo na wanaotumia baadhi ya dawa za moyo, hivyo daktari aulizwe kwanza.

Wakati watu wakiacha chumvi ipite, wanalogombana nalo ni lile vumbi jeupe la kuongeza ladha, glutamati, ambalo wengi hulijua kwa jina la Ajinomoto. Lilitambuliwa na mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908. Hofu yake ilienea baada ya daktari mmoja wa Marekani kuandika barua katika jarida la kitabibu mwaka 1968 akieleza kwamba akila katika migahawa ya Kichina husikia ganzi shingoni na moyo kwenda mbio. Majaribio yaliyofuata hayakuweza kuthibitisha madhara hayo kwa kiasi cha kawaida kinachotumika jikoni. Kwa maneno mengine, barua moja ilizaa hofu ya miaka 50, wakati chumvi iliyokuwa katika sahani hiyo hiyo haikuandikiwa barua.

Liko jambo jingine ambalo China na ukanda wetu vinashirikiana kwa bahati mbaya, nalo ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Wilaya ya Linxian katika Jimbo la Henan imejulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huo, na ukanda wa Afrika Mashariki, ikiwamo Bomet nchini Kenya, si mbali sana na mpaka wa Tarime, umo katika orodha hiyo hiyo. Sababu hazijakamilika kujulikana, lakini mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema kuwa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinachangia. Kosa haliko katika chai wala katika uji. Liko katika ile tabia ya kuvinywa vikiwa vinatoa mvuke, huku mnywaji akisifiwa kuwa ni mwanamume. Kusubiri dakika tano hakugharimu kitu.

Anayetaka ushahidi kwamba chakula kinaponya au kinaua kutokana na kinavyoandaliwa, si kutokana na taifa lililokianzisha, haina haja asafiri hadi Henan. Ushahidi uko hapa hapa. Mwaka 1985, wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha eneo ambalo tangu 2007 ni wilaya ya Rorya, ilikumbwa na ukame. Mahindi na mtama vilikauka na uliobaki ni muhogo mchungu, zao linalostahimili jua. Ghafla watu, wengi wao watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, walianza kupooza miguu. Mtu alilala mzima, na katika saa au siku chache miguu yake ikakakamaa, akawa anatembea kwa ncha za vidole akishikilia fimbo, au hatembei kabisa. Hakukuwa na homa wala ajali. Uchunguzi wa awali ulikuta wagonjwa 39.

Watafiti waliolichunguza tukio hilo ni pamoja na William Howlett, Glen Brubaker, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Hans Rosling, daktari wa Sweden ambaye baadaye alipata umaarufu duniani kwa kufafanua takwimu. Ripoti yao ya mwaka 1990 iliuita ugonjwa huo konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuelezwa huko mwaka 1938. Chanzo ni sianidi. Muhogo mchungu una kemikali inayozaa sumu hiyo, na akina mama wa Mara wanajua tangu enzi jinsi ya kuiondoa: kumenya, kuvundika au kuloweka, kuanika siku nyingi, ndipo kusaga. Njaa ilifupisha siku. Familia isiyo na chochote ndani haiwezi kusubiri muhogo ukauke wiki nzima, na kwa kuwa hapakuwa na maharage, samaki wala maziwa ya kutosha, mwili ulikosa protini zenye salfa unazozihitaji ili kuivunja sumu. Konzo haiui haraka wala haiendelei kuwa mbaya zaidi, lakini pia haiponi. Mtoto wa miaka minane aliyeugua mwaka ule, kama yu hai, sasa anakaribia miaka 50 na bado anatembea hivyo hivyo.

Muhogo huo huo, ukiandaliwa kwa siku zake zote, ni ugali salama unaoliwa na mamilioni. Na Wachina nao wana muhogo wao: machipukizi ya mianzi, chakula kinachopendwa sana kusini mwa nchi hiyo, nayo hubeba sianidi, na ndiyo maana mpishi huyachemsha na kumwaga maji kabla ya kuyapika. Bibi wa Tarime na bibi wa Zhejiang hawajawahi kuonana, lakini wamefundishwa adabu moja mbele ya chungu.

Kuna kitu, hata hivyo, ambacho hakuna upishi unaoweza kukiondoa, nacho ni udongo na maji machafu. Mwaka 2013 mamlaka za mji wa Guangzhou zilipima mchele uliokuwa sokoni na kukuta sehemu kubwa ya sampuli ina kadimiamu, metali inayoharibu figo, kupita kiwango. Mchele mwingi kati ya huo ulitoka Hunan, jimbo lenye migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Mkazi wa Nyamongo hawezi kuisoma habari hiyo kama ya nchi ya mbali. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yalivujia Mto Tigithe, na Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya Sh bilioni 5.6 kuhusiana na bwawa lake la tope sumu. Mmiliki amebadilika tangu mwaka huo, lakini bustani za mabondeni bado zipo. Chainizi ni mboga inayokua haraka na kunywa maji mengi, na mimea ya jamii yake inajulikana kwa kuvuta metali kutoka ardhini. Swali la muhimu kwa mnunuzi wa chainizi ni imemwagiliwa maji gani. Upimaji wa mara kwa mara wa mboga za maeneo yanayozunguka migodi, na matokeo kubandikwa sokoni kwa Kiswahili, lingekuwa jambo dogo kwa Serikali na kubwa kwa mlaji.

Wachina pia wamekwisha kujifunza kwa machungu kwamba biashara bila ukaguzi huua. Mwaka 2008 maziwa ya unga yaliyochanganywa melamini ili yaonekane yana protini nyingi yaliwaugua watoto wapatao 300,000 na kuua sita, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozuia maziwa kutoka huko. Februari 2020, baada ya mlipuko wa korona, Bunge lao lilipiga marufuku ulaji wa wanyamapori wa nchi kavu. Mwaka huo huo Tanzania ilikwenda njia nyingine kwa kutunga kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Wazo hilo ni zuri kwa wilaya ya Serengeti, ambako nyama ya nyumbu imekuwa ikiliwa gizani vizazi na vizazi, ilimradi mkaguzi wa nyama awepo kweli. Kimeta hakijui kama mnyama alikufa ndani au nje ya hifadhi, na mzoga uliookotwa porini haupimwi kwa macho.

Tukirudi sokoni, madhara ya kimyakimya ya chainizi huenda ni haya: inasukuma mboga nyingine pembeni. Ni laini, haina uchungu, inakomaa kwa wiki chache, na mtoto wa mjini anaipenda. Mgagani na mnavu, ambazo Wakurya na Wangoreme walizichanganya na maziwa ili kupunguza uchungu, zinaitwa mboga za wazee, ingawa zina chuma na asili ya vitamini A nyingi. Cha kushangaza ni nani anayezitetea. Kituo cha Mboga Duniani, chenye tawi mjini Arusha ambalo limekuwa likikusanya mbegu za mgagani, mnavu na mchicha wa Kiafrika na kuziboresha, kilianzishwa mwaka 1971 huko Taiwan, kikiwa na kazi ya kuboresha mboga za Asia, kabichi ya Kichina ikiwa miongoni mwake. Mbegu za mboga za bibi zetu leo zimehifadhiwa na kituo kilichoanza kwa mboga kama chainizi, na mkulima wa Mugumu anayezitaka hahitaji kwenda mbali zaidi ya Arusha.